Polikarp na Miguu Iliyoshonwa Pamoja

Mwanamume haonyeshi mwili wake mbele ya mama wa mke wake. Polikarp alifundishwa hivyo na baba yake, naye aliishika sheria hiyo kwa nguvu kuliko amri nyingi alizosikia kanisani. Akimwona mama mkwe wake, Mama Dominika, anakuja njiani, aliingia kwenye majani akasimama mpaka apite. Hakula mbele yake. Akilima jirani na shamba la wakwe hakuvua shati, hata jua liwe kali namna gani, na suruali yake hakuikunja kupita kifundo cha mguu. Vijana wa kijijini, ambao siku hizi hukaa meza moja na mama wakwe wakila na kucheka, walimwona mtu wa zamani. Yeye aliwaona vijana waliolelewa vibaya, na kwa hilo hakukosea sana.

Kwao ni njia ya kwenda Matai, kwa Wafipa. Alikuwa mtu wa makamo, mkulima wa mahindi na ulezi, na alijulikana zaidi kwa ng'ombe wake wa kulimia. Jembe lake lilichora mstari ulionyooka, na wajane walimwita kwanza kabla ya wengine kwa sababu hakuwaweka wa mwisho. Kazi yote hiyo ni ya miguu. Mtu anayelima na ng'ombe anatembea nyuma ya jembe tangu asubuhi, kwenye udongo uliopinduliwa, akilishikilia lisiruke. Polikarp aliishi kwa miguu yake, na mke wake Coleta na watoto wao waliishi kwa miguu hiyohiyo.

Aliumia mwaka mmoja katikati ya miaka ya tisini. Biashara ya mahindi ilikuwa imeachiwa watu binafsi, na malori ya wanunuzi yaliingia mpaka kwenye njia za ng'ombe, kila mmoja akitaka kumwahi mwenzake. Lori moja lilikuja wakati mvua za kwanza zimeshaanza, likajaza magunia kupita kiasi, likakwama kwenye matope kijijini kwa Polikarp. Dereva aliambiwa apunguze mzigo. Akasema hana muda. Wanaume wakaitwa kusukuma, na Polikarp alikuwa mmoja wao. Gurudumu la nyuma lilizunguka, yeye akateleza, na mguu wake wa kulia ukaingia chini ya gurudumu lililokuwa bado linazunguka. Mfupa haukuvunjika. Lakini ngozi na nyama ya mbele, kutoka katikati ya muundi kushuka karibu na kifundo, ilichunwa yote. Lori lilipotoka kwenye matope liliondoka na mahindi yake.

Zahanati ilimsafisha na kumfunga. Walimfunga tena na tena kwa wiki nyingi. Pembeni kidonda kiliota nyama nyekundu, lakini katikati mfupa ulibaki wazi, ukakauka, ukaanza kubadilika rangi. Kila mtu aliyekiona alikuwa na dawa yake. Polikarp alikataa dawa za kupaka za mitaani, na kwa hilo anastahili sifa. Mwisho Coleta, akiwa na mimba kubwa, alimpeleka Sumbawanga mjini, kwenye hospitali moja ya binafsi iliyokuwa imefunguliwa upande wa Milanzi baada ya serikali kuruhusu tena watu kuwa na hospitali zao. Ilikuwa na mabati mapya na rangi nzuri. Wafanyakazi walikuwa wachache sana, kwa kuwa mwenye hospitali aliamini kwamba mgonjwa huletwa na ndugu zake, na ndugu hao watafanya kazi ya kulisha, kuogesha na kufua. Hili alilisema wazi, wala hakuona aibu.

Daktari wa upasuaji, Loth, alikuwa akija hapo kutoka Mbeya mara moja moja tu. Alikuwa mtu mwenye subira katika kueleza. Alimwambia Polikarp kwamba ngozi nyembamba ya kubandika haiwezi kushika juu ya mfupa mkavu, kwa sababu mfupa huo hauna damu ya kuilisha. Kidonda kingekuwa juu, karibu na goti, angegeuza msuli wa shavu la mguu uleule na kuufunika mfupa. Chini karibu na kifundo hakuna nyama ya kugeuza. Kwa hiyo ingebidi kuazima kutoka mguu mzima.

"Nitainua kipande cha ngozi na nyama yake kwenye shavu la mguu wako wa kushoto," alisema, "lakini sitakikata chote. Upande mmoja utabaki umeshikana na mguu wa kushoto, na upande wa pili nitaushona kwenye kidonda cha kulia. Damu itatoka mguu wa kushoto kuja kulisha kipande hicho. Ni kama maji ya bustani ya bondeni. Ukiuziba mfereji kabla bustani haijapata chemchemi yake, mboga zote zinakufa."

Polikarp aliuliza mfereji huo utazibwa lini.

"Baada ya wiki tatu. Wiki hizo zote miguu yako itakuwa imeshonwa pamoja na kufungwa plasta. Hutageuka. Hutakaa. Hutashuka kitandani kwa jambo lolote. Ukivuta, kipande kinachanika, na sina pengine pa kuazima. Hapo mguu nitaukata. Una ndugu wa kukaa nawe?"

Polikarp alijibu kwamba anaye, mdogo wake Kasmir. Daktari aliridhika na jibu hilo. Hakuuliza Kasmir ni mtu wa namna gani, wala hakuuliza kama yupo ndugu ambaye Polikarp hataki kuhudumiwa naye. Alieleza habari za damu kwa ustadi, akasahau kwamba mtu aliyelala wiki tatu bila kushuka atahitaji haja kubwa na ndogo kila siku, na mtu wa kumshikia chombo.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Polikarp alipozinduka aliiona miguu yake imepandana, ule wa kulia juu ya shavu la mguu wa kushoto, imefungwa kwa plasta ngumu ile ambayo watu huiita hogo, na kijiti cha mbao kimelazwa katikati ili isitengane. Paliachwa dirisha dogo ambapo muuguzi Bertilla alichungulia kile kipande kila asubuhi. Kilikuwa na joto na rangi ya mwili. Bertilla alibonyeza kwa kidole, weupe ukaja, kisha rangi ikarudi. Alisema ni dalili njema. Daktari Loth alikaa siku chache, akaona hivyohivyo, akarudi Mbeya akiahidi kuja kukitenganisha kipande na mguu wa kushoto wiki tatu zikitimia.

Mwanzoni Coleta ndiye aliyemhudumia. Kasmir alifika pia, akakaa usiku mmoja. Asubuhi akasema anateremka Kasanga kuchukua samaki, kwa kuwa migebuka inapita vizuri na gari lipo, na atarudi keshokutwa. Alikuwa ameacha kulima tangu soko lilipofunguliwa. Alinunua chochote na kukiuza kwa yeyote, na ulimi wake ulikuwa mtamu. Aliapa mbele ya kitanda cha kaka yake kwamba hatapitisha siku zaidi ya hizo. Kutoka Kasanga alikwenda mpakani, na kutoka hapo akaufuata mpaka hadi Tunduma. Watu walimwona huko akiwa na afya njema.

Kisha Coleta akashikwa na uchungu. Alijifungua hapohapo hospitalini, mtoto wa kiume, lakini damu ilimtoka nyingi na akalazwa wodi ya wazazi, hana nguvu hata ya kusimama. Mama Dominika akaja kutoka kijijini kumtunza binti yake, kama inavyompasa mama. Alilala kwenye baraza pamoja na ndugu wa wagonjwa wengine, akapika uji wa ulezi kwenye mafiga yaliyokuwa nyuma ya jengo, na kila siku alimpelekea mkwe wake chakula. Lakini hakuingia wodi ya wanaume. Alikabidhi bakuli mlangoni kwa mtu mwingine, akauliza hali yake huku ameangalia ukuta.

Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mfugaji, Ngeleja, wa zile familia za Wasukuma zilizohamia na ng'ombe wao. Fahali alikuwa amemvunja mkono. Ngeleja aliamua tu, bila kumwuliza mtu, kwamba Wafipa wote ni watani wake.

"Mfipa, wamekushona kama gunia la mahindi," alimwambia. "Hata ukitaka kutoroka utaruka kama chura."

"Na wewe fahali wako amekufundisha adabu," Polikarp alijibu. "Sasa unajua nani mwenye zizi."

Kwa mkono wake mmoja mzima, Ngeleja alimsogezea Polikarp chombo cha kujisaidia, akakitoa, akakimwaga, akarudi anacheka. Alifanya hivyo kwa siku nyingi. Hakuna aliyemwagiza. Siku alipopewa ruhusa ya kwenda nyumbani hakucheka. Alimwuliza Polikarp nani atamshikia chombo. Polikarp akasema Kasmir yuko njiani. Ngeleja akasema njia hiyo ni ndefu mno, na kwamba yule mama anayeleta uji ana mikono miwili.

"Yule ni mama mkwe wangu."

"Kwetu nako mkwe ni mkwe. Lakini mgonjwa tunamhesabu mtoto mchanga. Mtoto mchanga hana mkwe."

"Mimi si mtoto, Ngeleja."

Ngeleja akaondoka. Kuanzia hapo Polikarp alimtegemea Bertilla. Muuguzi si ndugu, na sheria ya Polikarp haikumhusu. Lakini Bertilla alikuwa peke yake kwa wodi ya wanaume, wodi ya wazazi na watoto. Akiitwa alijibu anakuja, na alikuja kweli, ila baada ya kumaliza alichoshika. Polikarp akaanza kula kidogo na kunywa kidogo ili asihitaji kitu. Hilo lilimletea tumbo gumu na maumivu, na likazidisha shida aliyotaka kuikimbia.

Njia zilikuwepo, na hili ndilo linalochosha kulisimulia. Coleta, kutoka kitandani kwake, alituma ujumbe kwamba wamtafute kijana wa Milanzi alipwe mahindi. Polikarp akakataa, kwamba watu watasemaje, mtu mwenye mdogo wake anaajiri mgeni. Angeweza kuwaomba ndugu wa wagonjwa wengine, wanaume wazima waliokaa barazani wakicheza bao kutwa nzima. Hakuwaomba, kwa kuwa waliwahi kumcheka miguu yake. Wao nao walimsikia akimwita Bertilla, wakaendelea kucheza, kila mmoja akijua ana mgonjwa wake. Mwenye hospitali alipita mara moja akauliza mbona mgonjwa huyu hana mtu. Akaambiwa. Akasema ndugu wajitahidi, akaenda zake.

Wiki ya tatu ilikuwa imeanza. Bertilla alisema kipande kimeshika vizuri pembeni, na kwamba kazi iliyobaki ni kulala tu. Jumapili moja asubuhi wengi walikuwa wamekwenda misa, na Bertilla alikuwa kwa mama aliyekuwa anazaa. Polikarp akashikwa na tumbo. Aliita. Akaita tena, sasa kwa sauti ambayo mtu mzima hapendi isikike. Mama Dominika, aliyekuwa anakoroga uji nyuma ya jengo, alimsikia.

Alikuwa mwanamke aliyeishika sheria ileile kwa miaka yote ya ndoa ya binti yake. Alikuja mpaka mlangoni. Kisha akajifunika kanga kichwani na usoni, akakiokota chombo kilichokuwa karibu na mlango, akageuka, akaingia wodini kinyumenyume. Alipapasa vyuma vya vitanda kwa mkono mmoja, kimoja baada ya kingine, mgongo ukielekea kwa mkwe wake. Wanaume waliobaki vitandani wakamtazama kwanza. Halafu mmoja akashindwa kujizuia.

"Mama, piga honi, utatugonga."

Wodi nzima ikacheka. Mama Dominika hakusimama. Alifika kwenye kitanda, akanyoosha chombo kwa nyuma.

"Baba Cornelia," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "nimefumba macho na nimefunika uso. Sioni kitu. Nitainua shuka kwa upande, nikisukume chombo chini yako, basi. Coleta angekuwa na nguvu nisingekuja."

"Mama, rudi."

"Unaumia."

"Naomba urudi, mama. Usinifanyie hivi mbele ya watu."

"Watu hawa hawatakulimia, baba."

Hakuna neno la maana zaidi lililosemwa katika hospitali ile. Polikarp alilisikia, na baadaye alikiri alilisikia. Lakini alijivutia shuka mpaka kifuani, akageuza uso kwenye ukuta. Mama Dominika alisubiri. Ule mkao wa kunyoosha mkono nyuma haukuwa rahisi kwa mtu wa umri wake. Mwisho akainama, akakiweka chombo sakafuni kando ya kitanda, akaenda zake, safari hii akitazama mbele, kanga ikiwa bado usoni.

Chombo kilikuwa karibu lakini hakikufikika. Polikarp alingoja mpaka aliposhindwa. Akanyoosha mkono, hakukipata. Akasogeza bega, akaning'inia, na uzito wa miguu miwili iliyofungwa pamoja ukamvuta. Alianguka ubavu. Kijiti cha mbao kilivunjika na plasta ikapasuka, mguu mmoja ukaenda huku na mwingine kule. Aliyekuwa amesema habari za honi ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga kelele kumwita Bertilla.

Daktari wa hapo alijitahidi kushona upya. Kipande kilikuwa kimechanika pale kilipotoka, na upande uliobaki haukutosha kukilisha. Bertilla alibonyeza kwa kidole asubuhi iliyofuata, rangi haikurudi. Kikawa cha bluu, kisha cheusi, kisha kikanuka. Loth alipoitwa na kufika kutoka Mbeya, usaha ulikuwa umeingia kwenye mfupa na Polikarp ana homa. Daktari aliangalia kidonda muda mrefu, akavua glovu. Alikuwa na hasira, na hakujaribu kuificha.

"Nilikwambia usishuke kwa jambo lolote. Kwa nini hukumwita mtu?"

"Niliita."

"Hakuja mtu?"

"Alikuja. Hakuwa mtu wa kuniona."

Daktari akamtazama Bertilla, na Bertilla akamweleza. Loth aliketi kwenye kitanda alichokuwa akilalia Ngeleja. Akauliza kama Polikarp aliona kweli mguu wake ni kitu chepesi kuliko macho ya mwanamke aliyekuwa amejifunika uso.

"Mguu ni wangu, daktari," Polikarp akasema. "Nikiupoteza nimepoteza changu. Heshima ile si yangu peke yangu. Ni ya mke wangu, na yake yule mama, na ya watoto. Sikuwa na ruhusa ya kuivunja."

Jibu hili watu wengi kijijini wamelisifu. Wanalirudia kama maneno ya mtu mwenye msimamo. Halipaswi kusifiwa hivyo. Mguu haukuwa wake peke yake. Ulikuwa wa Coleta aliyelala bila nguvu, wa mtoto mchanga, wa wajane waliolimiwa kwanza. Na mwenye heshima yenyewe, yule mama ambaye sheria iliwekwa kumlinda, alikuwa amekwisha kutoa ruhusa kwa miguu yake mwenyewe, akitembea kinyumenyume katikati ya kicheko cha wanaume. Polikarp hakuilinda heshima yake. Alimrudisha mlangoni mikono mitupu, mbele ya watu walewale.

Lakini lawama zote kumtwika mtu aliyekuwa na maumivu ni uvivu. Aliyeapa kitandani akaenda Tunduma yupo. Waliocheza bao wakisikia mtu anaita wapo. Yupo aliyejenga hospitali akasahau kuajiri mikono, na yupo daktari aliyeuliza swali moja pale palipohitaji matatu. Kila mmoja alifanya kosa dogo, na hakuna hata mmoja aliyekuja kulikiri. Kasmir aliporudi alileta samaki wakavu na maneno mazuri, akaongoza sala.

Mguu wa kulia wa Polikarp ulikatwa chini ya goti. Shavu la mguu wa kushoto limebaki na shimo, kwa nyama iliyotolewa bila kumfaa mtu. Mwaka ule shamba lao halikulimwa, na ng'ombe waliuzwa kabla ya mvua zilizofuata. Mama Dominika aliona kwamba amemwaibisha mkwe wake, na mpaka alipofariki hakufika tena nyumbani kwa Coleta.